Kopo, Keshia na Mlango wa Pili

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa: wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mtazamo wa watu kuhusu kuchangia benki za chakula kupitia supamaketi. Naomba tuanze na kile kikapu chenyewe cha kuwekea michango dukani, maana kinazungumzwa sana na watu wasiokitazama. Mara nyingi hukaa karibu na mlango wa kutokea. Kimebandikwa karatasi, ndani mna pakiti mbili tatu na makopo machache. Mteja anakifikia akiwa amekwisha kulipa. Risiti iko mkononi, mifuko imejaa, na kila kilichomo tayari kina kazi yake nyumbani. Atoe kipi? Anapita. Akishapita, sisi tunaoandaa michango tunakaa kikaoni na kulalamika kwamba watu siku hizi wamekuwa wachoyo. Kikapu kile kile kikihamishiwa mlango wa kuingilia, pamoja na orodha fupi ya vitu vinavyohitajika, mtu huyo huyo anaingia akijua, anaongeza kitu kimoja kwenye toroli lake, na uchoyo umekwisha.

Waitaliano wamelielewa hili zamani. Tangu mwaka 1997 wana siku moja ya ukusanyaji, Jumamosi moja ya mwezi Novemba, nchi nzima. Wanaojitolea husimama mlangoni na kumpa mteja mfuko mtupu anapoingia. Mfuko ule unamfuata ndani, na hakuna anayelazimika kukumbuka lolote.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo tunayoyaita mitazamo ni mpangilio wa duka tu. Ila si yote. Inayobaki ndiyo ngumu, na ndiyo iliyonileta hapa: watu wanaliamini kopo kuliko wanavyoziamini fedha, na wana sababu zao. Nadhani tumekuwa tukiwajibu swali wasilouliza.

Kwanza niseme benki ya chakula ni nini, kwa sababu picha zinachanganyika: ni mahali chakula cha msaada kinapokusanywa ili kiwafikie wenye njaa. Ya kwanza ilianza mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Mwanzilishi ni John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kuwapikia wasio na kitu. Habari inayosimuliwa ni kwamba mama mmoja alimweleza jinsi alivyolisha watoto wake kwa vyakula vilivyotupwa na duka kwenye mapipa ya nyuma, akasema pangekuwepo mahali pa kuweka chakula hicho na watu wakaja kuchukua, kama benki inavyoweka fedha. Angalieni basi: supamaketi imo katika habari hii tangu siku ya kwanza, lakini imo kama pipa. Kikapu kilikuja baadaye. Paris walianzisha ya kwao mwaka 1984. Uingereza, shirika la Trussell Trust lilizaliwa mwaka 1997, na benki yake ya kwanza ikafunguliwa Salisbury mwaka 2000.

Sasa, Marekani neno hilo kwa kawaida ni ghala kubwa linalogawia vikundi vidogo, makanisa, shule, majiko ya hisani. Uingereza ni pale hasa mwenye njaa anapofika, mara nyingi akiwa na vocha aliyopewa na daktari au ofisi ya ustawi, akaondoka na mfuko wa chakula cha siku tatu hivi. Mwenye kuchangia hana habari na tofauti hiyo. Akilini mwake kuna mama na mtoto na kopo lake. Picha hiyo ndiyo inayomfanya atoe, na mimi sina haraka ya kumvunjia.

Kuna swali ninalolisikia kila ninapozungumza jambo hili, na ni swali zuri: kwa nini mimi nitoe, na duka lenyewe linatupa chakula kila usiku? Lina ukweli. Ufaransa ililijibu kwa sheria, Februari 2016. Duka lenye eneo linalozidi mita za mraba 400 linatakiwa kuwa na mkataba na shirika la misaada kuhusu chakula kisichouzwa, na ni marufuku kukiharibu makusudi kisilike. Marekani walipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 1996 humlinda anayetoa chakula kwa nia njema asishitakiwe, isipokuwa awe amezembea kupita kiasi. Mmoja amebanwa, mwingine ameondolewa hofu. Binafsi napenda vyote viwili kwa pamoja.

Lakini hata duka likitoa kila kilichobaki, kikapu bado kina kazi. Mabaki ya duka ni mkate wa leo, mboga zinazonyauka, mtindi unaokwisha muda kesho. Yanakuja mengi bila taarifa, na yanataka gari, friji na watu usiku huo huo. Hayangoji. Kikapu cha wateja huleta vitu vya aina nyingine: vya kopo, vya pakiti, mafuta ya kupikia, sabuni, nepi, taulo za kike. Hivi huwekwa rafuni hadi atakapotokea mwenye shida Jumatano mchana. Mito hii miwili haichukuani nafasi, na anayesema mmoja unatosha hajawahi kusimama ghalani.

Ngojeni niwapeleke ghalani, maana huko ndiko kopo linakoonekana lilivyo. Kuna meza ndefu. Mtu analishika kopo, analigeuza, anatafuta tarehe. Wakati mwingine iko chini, wakati mwingine imefichwa pembeni mwa karatasi. Analipangia boksi, anaandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene, boksi linapanda mzani, kilo zinaandikwa. Waswahili tunasema wema hauozi. Ni kweli, lakini pakiti huisha muda, na mikono mingi hapo mezani hukaa kutwa ikitenganisha kinachofaa na kilichokaa kabatini kwa mtu miaka mitatu. Hii ndiyo faida ya kutolea supamaketi ambayo haisemwi. Kitu kimetoka rafuni dakika tano zilizopita, tarehe yake iko mbali. Anayetoa kutoka kabatini kwake, tuseme ukweli, mara nyingine anafanya usafi.

Kisha njoo upande wa pili wa meza, pale mifuko inapofungwa. Maharagwe ya kopo yamejaa hadi juu, tambi zimejaa. Mafuta hakuna. Maziwa yanayokaa muda mrefu hakuna. Sabuni hakuna. Mtu anapotoa bila orodha hutoa kile ambacho yeye anakihesabu kuwa chakula cha dharura, na wote tunahesabu sawasawa. Halafu kuna mpokeaji ambaye hana gesi wala umeme wa kutosha. Baadhi ya benki za Uingereza huandaa mifuko maalumu ya vitu vinavyotaka maji ya moto tu, kwa mtu aliyebakiwa na birika. Na kopo lisilo na kipete cha kuvutia, kwa mtu asiye na kifungulio, ni chuma tu. Nani dukani alikumbuka hilo?

Hapo ndipo wataalamu huja na jibu lao: toeni fedha. Na kihesabu wako sahihi. Kopo umelinunua bei ya rejareja, benki ingenunua kwa jumla, tena kile hasa kinachokosekana. Mtandao mkubwa wa Marekani, Feeding America, hueleza kwamba dola 1 inasaidia kupatikana angalau milo 10, kwa sababu chakula kingi wanapewa bure na gharama yao ni kukisafirisha na kukigawa. Hesabu safi. Mwambie mteja hayo, atatikisa kichwa kukubali, kisha ataweka kopo.

Kwa nini? Kwa sababu fedha huliwa. Kopo haliliwi na mhasibu. Mnacheka, lakini hiyo ni hoja. Mtu ameona michango mingi maishani mwake, ya maafa, ya shule, ya ujenzi, na mingine hakusikia tena habari yake. Kopo analiona, analigusa, anajua lilipoingia, na anajua halina njia nyingi za kupotelea. Kumwita mjinga kwa sababu hajali bei ya jumla ni kutomsikiliza. Anachokosa ni taarifa ya mapato na matumizi, na hatumpi.

Kuna sababu ya pili, na hii haipendezi. Kopo linamchagulia mpokeaji. Ukitoa fedha, mwenzako anaweza kununua sigara, anaweza kulipa deni, anaweza kununua viatu vya mtoto. Ukitoa kopo, atakula ulichoamua ale. Wengi wetu, hata wakarimu, tunaustarehea uamuzi huo. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hiyo ni nzuri kweli, lakini inamtazama mtoaji mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1990 mchumi James Andreoni aliandika kwamba mtu hutoa pia kwa ajili ya ile raha anayoipata yeye mwenyewe kwa kutoa, mbali na faida ya mpokeaji. Sioni aibu katika raha hiyo. Tatizo linakuja pale raha ya mtoaji inapopanga mlo wa mtu mwingine. Ndiyo maana napendelea zile benki zilizojipanga kama duka dogo: mtu anazunguka na kikapu chake, anachukua anachopika, anaacha asichokula.

Sasa keshia. Hapa watu hukasirika, na nadhani wana haki. Unasimama kaunta, nyuma yako foleni, keshia anakuuliza kwa sauti: ungependa kuongeza kidogo kwa ajili ya wenye njaa? Ukikataa, foleni nzima imesikia. Ukikubali, hujui umekubali kwa moyo au kwa aibu. Andreoni huyo huyo, pamoja na Justin Rao na Hannah Trachtman, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya jaribio lililofanyika msimu wa Krismasi kwenye supamaketi yenye milango mikuu miwili. Wachangishaji wa Salvation Army, yaani Jeshi la Wokovu, shirika la Kikristo la misaada, wale wenye kengele, waliwekwa mara mlango mmoja, mara yote miwili. Wakati mwingine walikaa kimya, wakati mwingine walisema, tafadhali toa. Waliposema, michango ilipanda sana. Na walioukwepa mlango ule wakaongezeka sana vilevile. Sentensi moja fupi iliwafungua watu mifuko na ikawafukuza kwenye mlango wa pili.

Fikirini juu ya yule wa mlango wa pili. Si mtu asiyejali. Asiyejali angepita palepale bila kugeuza shingo. Huyu alijua kwamba akiombwa uso kwa uso atatoa, na hakutaka kutoa kwa namna ile, akaamua kutembea zaidi. Ukimweka keshia amwombe mtu wa namna hii, umemwondolea mlango wa pili. Utapata kitu leo. Lakini ataanza kulichukia ombi lenyewe, na chuki hiyo hataielekeza kwa mwenye duka. Ataielekeza kwa benki ya chakula.

Mwenye duka nimemgusa kidogo tu, na watu wanauliza: si anapata faida mara mbili? Anauza kopo kwa bei kamili, kisha jina lake linang'aa kwenye bango. Ndiyo, anapata. Sioni sababu ya kulificha. Baadhi ya maduka huongeza fedha zao wenyewe juu ya kilichotolewa na wateja, na hilo ndilo la kudai kila mahali: bango likiwa na jina la duka, pawe pia na mchango wa duka, umeandikwa kando na ule wa wateja. Mteja anachochukizwa nacho si faida. Ni kuona wema wake umepachikwa jina la mwingine.

Wako wanaosema kwamba vikapu hivi vinaipa serikali nafasi ya kukaa kando. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jioni yake. Trussell wenyewe hutangaza kwamba lengo lao ni kufika mahali ambapo benki za chakula hazihitajiki. Mwaka 2020, Machi, tuliona udhaifu wa kutegemea rafu: watu walipokimbilia kununua kwa hofu ya korona, katika nchi kadhaa rafu ziliisha, vikapu vikawa vitupu, na wenye kuhitaji walikuwa wakiongezeka wiki ile ile.

Mimi ningefanya nini? Kikapu mlango wa kuingilia. Orodha ya vitu vitano tu, ibadilishwe kila wiki kulingana na ghala, na sabuni isikose. Keshia aachwe afanye kazi yake. Na kwenye karatasi ile iliyobandikwa, badala ya picha ya mtoto mwenye huzuni, paandikwe kilo ngapi zilitoka kikapu hiki mwezi uliopita, zilikwenda benki gani, na nini kilipungua. Mkishafanya hivyo kwa mwaka mzima, mwezi hadi mwezi, bila kuruka hata mwezi ambao kilo ni aibu, ndipo mumwombe mtu yule fedha. Kabla ya hapo hamjamjibu.

Nimepitisha muda, mwenyekiti ananitazama. Maswali sasa, na kama humu ndani kuna waliowahi kukaa kaunta, naomba waanze wao.