Ngumu Kuliko Nini? Ulinganishi katika Kiingereza cha Kuandika

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliokwama Barabara ya Thika. Nianze na sentensi ambayo kila aliyesahihisha insha hapa Nairobi ameikuta: "Town life is hard than village life." Kosa hilo halitokani na uzembe. Katika Kiswahili, kivumishi hakibadiliki kwa ajili ya ulinganishi. Maisha magumu hubaki magumu, na kazi yote hufanywa na kuliko. Mwanafunzi ameona kwamba "than" ndilo kuliko, akaridhika, ilhali Kiingereza hudai alama nyingine kwenye kivumishi chenyewe, yaani "harder", au "more" mbele ya neno refu kama "difficult".

Akishasahihishwa, huandika "more harder", akirundika alama mbili za ulinganishi pamoja. Tusimcheke sana, maana Shakespeare naye alimtia Mark Antony, mhusika wa tamthilia yake Julius Caesar, kinywani maneno "the most unkindest cut of all", na wanasarufi wa karne ya 18, akiwemo Robert Lowth katika sarufi yake ya mwaka 1762, ndio waliolikemea rundo la namna hiyo. Mtahini wa leo hulikata bila huruma.

Kinachonishughulisha zaidi ni kipimo. Kwa kuwa husema "ngumu sana kuliko", wanafunzi wetu huandika "very harder", ingawa Kiingereza hapo hutaka "much" au "far", na "slightly" pale tofauti inapokuwa ndogo. Kisha lipo "even", ambalo kwangu ndilo lenye manufaa kuliko yote kwa anayeeleza ugumu unaopanda. Ukiandika kwamba kupandisha mtungi wa maji hadi ghorofa ya tano ni "harder" kuliko kuyapata maji yenyewe, hujasema kwamba kuyapata kulikuwa na taabu yoyote. Huenda yalikuwa mlangoni. Ukiandika "even harder", msomaji anajua kwamba ulikuwa umechoka kabla hujaikanyaga ngazi ya kwanza. Katika mazungumzo, maana hiyo sisi huibeba kwa sauti, lakini karatasi haina sauti.

Nimalizie na ripoti za ofisini, ambako "we face greater challenges" imekuwa kama salamu. Kubwa kuliko zipi? Za mwaka jana, za jirani, au zile tulizotarajia? Ukisema kuliko kisha ukanyamaza, hata mtoto atakungoja umalize, lakini "greater" humruhusu mwandishi kujificha, na neno changamoto, ambalo siku hizi hufunika kila shida kuanzia bomba lililopasuka hadi fedha zilizopotea, humwongezea blanketi. Ndiyo maana huwataka wanafunzi wangu waandike kwanza kile kinachofuata "than", hata kwa penseli pembeni: maji yalikuja siku nne kwa wiki, sasa yanakuja mbili. Wakishakiandika, ndipo huwaruhusu kuamua kama sentensi inaweza kusimama bila hicho. Mara nyingi hukiacha palepale.