Jinsi ya kuhamisha uchawi wa gemu ya video uje mezani kwenye D&D

Mambo vipi wadau, leo tunachukua Ice Spike, uchawi wa barafu wa gemu ya video Skyrim, tunauleta mezani kwenye D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya kuigiza ya mezani) toleo la tano, mi natumia vitabu vya 2014. Kalamu, dadu, kadi tupu, unavyo, twende. Hizi kadi nachapa na kuuza mwenyewe, maelezo yako hapo chini.

Kule Skyrim huu msumari wa barafu unapiga pointi 25, unakula afya na stamina kwa pamoja, halafu adui anapungua mwendo. Wengi wanakimbilia ile 25. Achana nayo! Imepimwa kwa afya ya kule, huku goblini ana HP (pointi za uhai) 7 tu, atakufa hujamaliza hata kusoma kadi. Tunachohamisha ni vile inavyojisikia ukipigwa, miguu mizito, pumzi imekata.

Sasa madhara. Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimamizi wa gemu, ina jedwali lake, kwa adui mmoja uchawi wa leveli 1 ni 2d10 (yaani dadu mbili za pande kumi), leveli 2 ni 3d10, leveli 3 ni 5d10. Najua kuna mtu anataka kuniuliza Fireball, ule uchawi wa mpira wa moto wa leveli 3, ndiyo, ile 8d6 inapita jedwali, kwa maadui wengi kwa pamoja leveli 3 ni 6d6, kwa hiyo usiifanye kipimo. Yetu naiweka leveli 2, ila kwa sababu inapunguza mwendo pia nashusha dadu, 3d8, wastani 13 na nusu. Mi napenda d8 kwa barafu, Ray of Frost, uchawi mwingine wa barafu wa D&D, nayo inatumia hiyo hiyo.

Ngoja, kamera imeganda kwenye mkono wangu... haya, kadi inaonekana? Sogeza taa kidogo. Sawa.

Mwendo, toa futi 10. Stamina, andika "hawezi kufanya Dash", yaani kutumia zamu yake kukimbia umbali wa ziada. Hapo ndo pumzi inakatika kweli, adui anataka kukimbia na hawezi, napenda sana hii!

Sasa hapa tulia, tulia kabisa. Inaisha lini? Andika "mpaka mwanzo wa zamu YAKO inayofuata", yako wewe mrushaji. Ukiandika mwanzo wa zamu ya adui umeua uchawi wote, maana adui anatembea kwenye zamu yake, sasa kama barafu inayeyuka zamu yake ikianza tu, umempunguzia nini? Na usiandike "raundi moja" ukaacha hivyo, mtabishana mpaka vitafunwa viishe. Nasogeza kadi karibu na kamera, soma tena: zamu ya mrushaji. Ya mrushaji jamani.

Gharama ni rahisi. Skyrim magicka, yaani nguvu ya uchawi, inajirudisha yenyewe, huku ni sloti, nafasi za kurushia uchawi zenye hesabu, mchawi wa leveli 5 ana tatu za uchawi wa leveli 2, basi. Kama gemu unayohamisha ina muda wa kusubiri kabla ya kurusha uchawi tena, usihesabu sekunde, raundi ni sekunde 6 na hakuna anayeshika saa mezani. Rusha d6 mwanzo wa zamu, ikitoka 5 au 6 uchawi umerudi, kama joka na pumzi yake ya moto.

Dadu imeanguka, sekunde... nimeipata. Kabla hujampa mchezaji kadi, mpe kwanza adui wako airushe kwa wachezaji, wakilalamika kuhusu Dash tu, mpe mchezaji kadi. Wakilalamika kuhusu madhara, shusha iwe 3d6.