Nini Kitashikilia? Nywele Ndefu kwa Mkono Mmoja

(Mhadhara kwa wasusi na familia, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za mchana. Asanteni kwa kutoka na baridi hii, na kwa kina mama waliodamka Tukuyu kuja huku, ndaga fijo, asanteni sana.

Naona humu ndani wamo waliopatwa na kiharusi. Wamo waliopoteza mkono kwenye mashine au ajali ya bodaboda. Wamo waliofungwa muhogo, yaani plasta ngumu ya mkono uliovunjika, ambao wiki chache zijazo watapona na kutusahau. Wamo wasusi wenzangu, na nafurahi kuona pia waume na mabinti wanaowachana mama zao nyumbani. Ninachotaka kusema kinawahusu wote.

Mkitazama vizuri jinsi tunavyosuka, mikono miwili haifanyi kazi moja. Mmoja unatenda, mwingine unashikilia. Unashikilia fungu lisirudi, unashikilia kopo lisizunguke, unazuia bendi isiruke. Mkono mmoja ukikosa nguvu, mara nyingi kilichoondoka ni huko kushikilia. Na kushikilia kunaweza kufanywa na ukuta, na meza, na mapaja, na meno, na kibanio cha bei rahisi kutoka soko la Mwanjelwa. Kwa hiyo kila hatua mjiulize swali moja tu: hapa nini kitashikilia? Watoa tiba kwa vitendo, wale wanaosomea hospitali ya KCMC kule Moshi na vyuo vingine, humfundisha mgonjwa kuvaa shati na kumenya viazi kwa kutafuta jibu la swali hilohilo. Sisi wa nywele tumechelewa kuliuliza.

Kabla sijashika chanuo, nina jambo linaloniuma. Mama anatoka hospitali, upande mmoja umelegea. Ukienda kumjulia hali wiki ya pili, unakuta kichwa kimenyolewa. Ukiuliza, unajibiwa, "Tumempunguzia usumbufu." Yeye mwenyewe hakuulizwa. Nywele hukua takribani sentimita moja kwa mwezi, na hizi zetu za kipilipili huenda polepole zaidi. Nywele za sentimita thelathini ni zaidi ya miaka miwili ya mtu, na zinaondoka kwa dakika tano ili wengine wasisumbuke. Anayependa kichwa kifupi anyolewe, anapendeza. Lakini aulizwe mwenye kichwa. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Vyote viwili vinataja heshima ya mtu na uhuru wake wa kujichagulia. Mimi nasema uhuru huo unaanzia kichwani, maana kichwa ndicho watu wanachokiona kwanza.

Mtasema, huyu hawezi kuongea, tutamuulizaje? Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, huweza kuchukua maneno pamoja na nguvu ya mkono wa kulia. Mara nyingi bado anaelewa mengi. Mwekeeni mkasi huku na chanuo kule, aonyeshe kwa macho au kwa kidole. Mpeni muda, msimjibie.

Haya, tuje kwenye kazi. Dada yetu huyu amekubali kukaa hapa mbele. Mkono wake wa kushoto ndio uliolegea, na tazameni nimeuweka wapi: juu ya meza, juu ya mto, kiganja anakiona. Haukuning'inia. Mfupa wa bega unakaa mahali pake kwa kushikwa na misuli, na misuli ikilegea, mfupa unateremka na maumivu yake ni makali. Wasusi, msimvute mteja kwa mkono huo kumgeuza kwenye kiti, hata kwa upendo. Pia miguu yake inakanyaga chini. Nywele zinashughulikiwa ukiwa umekaa, siyo umesimama mbele ya kioo cha ukutani.

Kuna wagonjwa, hasa waliopigwa upande wa kulia wa ubongo, ambao akili yao inausahau upande wa kushoto. Atachana kulia vizuri kabisa, kushoto pabaki vilevile, naye ataamini amemaliza. Msimcheke wala kumgombeza. Muanzisheni kushoto, mkono mzima uguse sikio la kushoto kwanza, chanuo lifuate.

Kuosha sitakaa sana. Osheni saa sita mchana jua likiwepo, maana Mbeya mwezi Juni na Julai jioni si wakati wa kulowesha kichwa. Sabuni na mafuta vihamishieni kwenye chupa za kubonyeza juu, maana kopo la kuzungusha kifuniko ni adui wa mkono mmoja. Kama ni kopo tu mlilonalo, libaneni katikati ya magoti, au liwekeni juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Mafuta ya parachichi kutoka Rungwe, ya nazi, yoyote mliyozoea yanafaa. Maji ya moto yajaribiwe kwa mkono wenye hisia. Mkono uliokufa ganzi unaungua bila kukwambia.

Kuchana ndiko kunakokatisha watu tamaa, basi tukae hapa. Nywele zetu zimejikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali pa kukatikia zikichanwa kavu. Zinyunyizieni maji, tieni mafuta, kisha zigaweni mafungu manne kwa vibanio. Ona, dada hana mkono wa kushikilia vibanio, kwa hiyo amevibana begani kwenye sweta lake, anachomoa kimoja kimoja. Anafungua fungu moja, anaanzia nchani, anapanda kidogo kidogo kuelekea kwenye shina. Mtu mwenye mikono miwili hushika fungu katikati ili kichwa kisivutwe. Yeye analilaza juu ya bega na kulikandamiza kwa kidevu. Kidevu ndicho kinachoshikilia. Kwa nywele za kisogoni anaegemea ukuta, ukuta unazibana.

Kama bega haliinuki vizuri, refusheni mpini. Huku kwetu mianzi ipo, hasa kwa ndugu zetu wa Iringa na Njombe wanaogema ulanzi. Pasueni ufito, ulainishwe kwa msasa, ufungwe kwenye chanuo lenye meno mapana kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tyubu haitelezi hata mkono ukiwa na mafuta.

Sasa kufunga. Kibutu cha utosini, yaani nywele zote kukusanywa fungu moja juu ya kichwa, kinawezekana kabisa. Chukueni soksi ndefu ya nailoni, kateni kipande cha mguu kiwe bendi pana. Dada anaivaa shingoni kama mkufu, nywele zote anazitoa ziwe juu yake. Halafu kwa kidole gumba anaisukuma ipite kidevu, pua, hadi kwenye paji. Anahamia ubavuni, kisogoni, ubavu wa pili, anarudia kuzunguka. Nywele zinapanda zenyewe. Hakuna fundo, hakuna kushikilia.

Anayetaka kibane zaidi atumie kamba ya kiatu na kile kidude cha kubonyeza kinachobana kamba za jaketi. Majaketi mabovu ya mtumba yanavyo, ving'oeni. Kamba ikishafika juu kabisa kwenye nywele, meno yanauma ncha, vidole vinasukuma kidude. Nasisitiza: ikishafika juu. Kamba isikazwe ikiwa bado shingoni.

Kuinamisha kichwa chini ili nywele zikusanyike zenyewe ni njia ya haraka, na vijana waliovunjika mkono waitumie. Mwenye presha au kizunguzungu asiinamishe kichwa.

Wenye nywele za dawa, zile zilizolainishwa, ambazo zinateleza, wazikusanye kisogoni, wazizungushe hadi zijikunje, wabonyeze kichwa ukutani ili mkono uwe huru kuchukua kibanio kikubwa chenye meno. Hapa sisi wenye kipilipili tumependelewa. Nywele zetu zikisokotwa zinabaki zilipoachwa. Fungu moja gawanyeni mara mbili: la kwanza kati ya gumba na cha shahada, la pili kati ya kidole cha kati na cha pete. Geuza kiganja, moja ipite juu ya nyingine, achia, daka tena. Anzeni na mafungu manene ya mbele, upande wa mkono mzima. Yale ya nyuma yatakuja vidole vikishazoea bila macho.

Dawa ya kulainisha nywele msijipake wenyewe kwa mkono mmoja. Inaunguza ngozi, na inatakiwa kuoshwa kwa wakati wake. Chanuo la moto vilevile.

Wasusi, neno lenu. Mteja wa mkono mmoja akija, msimsukie mtindo utakaomlazimu kurudi kwenu kila asubuhi. Muulizeni mkono wake unafika wapi, na kibutu kikae hapo unapofika. Msivute hadi ngozi ya paji ing'ae, maana nywele zinazovutwa kila mara huacha kuota pembezoni. Mwacheni ajaribu mwenyewe mbele yenu kabla hajalipa. Akikwama, msikimbilie kumaliza kazi yake. Mtafutieni kitu cha kushikilia.

Mezani kuna soksi, mikasi, kamba, vidude vya jaketi na vioo. Wenye mikono miwili, wekeni mmoja nyuma ya mgongo, mkae na mjifunge kibutu kwanza, kisha ndipo mje kumfundisha mwingine. Dada hapa atapita kuwakagua.