Shangazi alivyotusimulia picha

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie uhakiki wa filamu, nami nitaanzia pale pale ninapoanzia siku zote. Mlionisikia Ngome Kongwe, Unguja, mnivumilie.

Vijana wananiletea makala zao. Mstari wa kwanza: "Filamu hii inatufundisha." Wa pili dhamira, wa tatu ujumbe, kisha mafunzo manne. Nikimaliza kusoma sijui kama ilikuwa usiku au mchana, wala kama yule mama alikuwa amekaa au amesimama alipoletewa habari ya msiba. Jamani, mlitazama nini?

Mimi uhakiki nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye kuandika hakujua. Miaka ya hamsini wanawake wa Mjini Unguja walikuwa na maonyesho yao wenyewe, na shangazi alikwenda kutazama Awaara, ile picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Kihindi hakukijua hata neno. Aliporudi alivua buibui, akatukalisha mkekani watoto sita, akaanza. Hakutuambia picha inahusu nini. Alisema: "Kijana yuko jela, kapewa mkate. Hauli. Anautazama kwanza, kama aliyekutana na ndugu yake aliyempotea zamani." Akanyamaza, nasi tukanyamaza. Halafu akatupeleka kwenye ndoto: ngazi, Nargis, yule mwigizaji wa kike, anacheza juu ya mawingu, mara moto, na kijana yule yule yumo motoni anahangaika. Tulilala tumeiona picha.

Miaka thelathini baadaye niliupata mkanda wenye tafsiri. Niliusubiri ule mkate. Ulipita upesi sana! Na kumbe kijana anasema kwamba angeupata mkate huo huko nje, humo ndani asingeingia. Shangazi hakuyaelewa maneno hayo. Aliyasoma machoni.

Mtaniambia: mzee, shuleni tumefundishwa fani na maudhui. Najua, nami nimezifundisha miaka mingi. Lakini riwaya msomaji ataifungua mwenyewe aone kama umesema kweli. Picha inapita. Usipomwonyesha mkate, hiyo dhamira yako ataishika wapi? Mwingine atasema huko ni kusimulia, si kuhakiki. Hapana, nakataa. Picha ile inakwenda karibu saa tatu, na katika saa zote hizo shangazi alisimama kwenye mkate. Nani alimwambia asimame hapo? Kuchagua huko ndiko kuhakiki, na ninyi mnakukimbia kwa sababu kunataka mtu atazame mara mbili, mara tatu, na kalamu mkononi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwasemea akina Lufufu, waliotia Kiswahili kwenye mikanda kwa sauti zao. Wanastahili siku yao. Na jumba la sinema la Majestic, lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya kuungua, nalo sitaliwahi.

Nisikilizeni hili tu. Waliokaa Majestic, Empire na Sultana miaka ile sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Mwenye bibi yake Mjini aende leo jioni. Asimuulize kama aliipenda picha. Amuulize aliona nini, aandike anavyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Shangazi yangu alifariki kabla sijamuuliza mawingu yale yalikuwaje kwenye pazia kubwa. Mimi nimeyaona kwenye televisheni tu.