Kinachomvunja kuruta

Wazazi mliofika, vijana mnaosubiri kuripoti kambini, na walimu mliowaleta, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie yanayomkuta kuruta katika wiki zake za mwanzo jeshini. Mimi ni daktari, nimehudumu kwenye kambi za mafunzo miaka mingi, kwa hiyo aliyekuja kusikia habari za mizinga na mapigano atanisamehe. Zangu ni habari za nyayo, magoti, vifua na usingizi.

Swali ninaloulizwa kila ninapokwenda ni hili: nani hushindwa? Watu huwa na jibu lao tayari. Watakwambia ni yule aliyelelewa kwa kudekezwa, au kimbaumbau asiyeweza hata begi lake. Niliowaona mimi wakishindwa, wengi walikuwa wagumu hasa, watu wa kukimbia mchakamchaka wiki nzima huku mfupa umeshapata ufa. Walinyamaza. Leo nataka tuzungumzie huo ukimya unavyotengenezwa, maana kambi yenyewe ndiyo inayoutengeneza bila kukusudia.

Siku ya kwanza imepangwa ikuvuruge. Kelele zinaanza kabla hujashuka vizuri kwenye gari. Unanyolewa, unapimwa, unachomwa sindano za chanjo, unakabidhiwa kombati na buti, simu inachukuliwa, nguo zako za kiraia zinafungwa na kuwekwa ghalani. Kwenye kambi ya Parris Island, Marekani, wanakofundishwa makuruta wa kikosi cha Marine, zimechorwa nyayo za rangi ya njano chini, na kuruta akishuka basini husimama juu ya hizo nyayo. Huko walizoea pia kumkataza kusema “mimi”. Akitaka kwenda chooni aseme “kuruta huyu anaomba ruhusa”. Ukisikia kwa mbali unacheka. Ukiwa pale, umepata usingizi wa saa mbili tu na hujui saa ngapi utakula, huoni cha kuchekesha.

Usiku wa kwanza watu wengi hulia, na hawalii kwa sababu ya mazoezi, kwa kuwa mazoezi bado hayajaanza. Wanalia kwa sababu hakuna hata jambo moja dogo wanaloamua wenyewe. Mtu mzima ambaye jana alichagua ale nini na alale lini, leo anaambiwa ndala zake zikae upande gani wa kitanda. Ndala! Wazazi, mtoto akiruhusiwa kupiga simu na akawa na sauti ya ajabu wiki ya kwanza, mara nyingi ni hilo. Wiki ya tatu sauti inarudi.

Kisha inakuja kwata. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, asubuhi mpaka jua la utosi. Vijana huniuliza ina faida gani, ikiwa vita vya leo havipiganwi kwa kupanga mistari uwanjani. Asili yake ina maana kamili. Mwishoni mwa karne ya 16, Maurice wa Nassau kule Uholanzi alikuwa na askari wenye bunduki za kushindiliwa baruti kwa mkono, zenye utambi unaowaka. Kila anayejaza alikuwa na moto mkononi na baruti kiunoni, na jirani yake yuko hatua moja tu. Kazi ile ikagawanywa katika vitendo zaidi ya 40, kila kimoja na amri yake, na askari wakavirudia mpaka mikono ikavijua yenyewe. Bunduki zile zimekwisha, kwata imebaki, kwa sababu inafundisha kitu kingine chenye manufaa: kusikia amri moja, kuitenda mara moja, pamoja na wenzako, hata ukiwa umechoka. Mimi nakubaliana nayo. Ila naongeza kwamba mwili unaofundishwa kutogeuza shingo nzi akitua puani, ndio huohuo unaofundishwa kutosema goti linauma. Hakuna mkufunzi aliyetoa amri hiyo ya pili. Kuruta amejifundisha mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mifupa, na hapa naomba mnivumilie, ndipo penye kazi yangu.

Kijana akianza kukimbia na kutembea na mzigo kila siku, moyo na mapafu hushika kasi haraka, misuli nayo hufuata. Wiki ya nne anajisikia simba. Mfupa una mwendo wake. Ukibebeshwa mzigo mpya, mfupa kwanza hujichimba: chembe fulani hula sehemu ya zamani ili nyingine zije kujenga upya, imara zaidi. Kuchimba ni haraka, kujenga huchukua miezi. Kwa hiyo kipindi kilekile kuruta anapojisikia ana nguvu kuliko wakati wowote maishani, mfupa wake wa muundi unaweza kuwa dhaifu kuliko siku aliyoripoti. Akiendelea kuugonga, unapata ufa mwembamba.

Jambo hili si geni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika juu ya askari waliovimba nyayo na kupata maumivu baada ya safari ndefu za miguu. Yeye hakuona mfupa uliopasuka, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuona ndani. Picha za eksirei zilipogunduliwa mwaka 1895, haikuchukua muda ikajulikana kwamba miguu ile ilikuwa imevunjika. Na msidhani ni wachache. Utafiti wa makuruta 295 wa jeshi la Israel, uliochapishwa mwaka 1985, ulikuta asilimia 31 wamepata nyufa za aina hii. Karibu mmoja kati ya watatu! Baadaye jeshi hilohilo lilipopunguza jumla ya kilomita za kutembea na kusimamia usingizi wa angalau saa sita, idadi ikashuka sana. Hilo la usingizi huwa nalirudia mbele ya wakufunzi mpaka wananichoka. Mfupa nao unahitaji mapumziko ili ujijenge.

Namna ya kuutambua ni rahisi. Kuruta anakaa kitandani, mguu wazi. Napitisha kidole gumba taratibu juu ya muundi, kutoka chini ya goti kushuka. Misuli iliyochoka huuma eneo refu, na mwenyewe atasema “hapa, na hapa pia, na huku”. Mfupa wenye ufa huuma sehemu moja, ndogo kama sarafu. Nikifika hapo hasemi kitu. Anashika ukingo wa kitanda. Namwambia aruke mara moja kwa mguu huohuo, na jinsi anavyotafuta kisingizio cha kutoruka inanipa jibu. Eksirei ya siku hiyo huenda isioneshe lolote, ufa mara nyingi huonekana wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo tukingoja picha tumechelewa.

Mabinti mnaokwenda, hili ni lenu zaidi, maana kwenye mafunzo yaleyale wanawake hupata nyufa hizi mara nyingi kuliko wanaume. Hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa msifurahi kwamba mmepumzika. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakilingani na kazi, na mifupa ndiyo itakayolipa. Semeni. Daktari hatashangaa.

Kuhusu malengelenge nitasema kidogo: buti lianze kuvaliwa mapema kama mnaruhusiwa, soksi zikilowa badilisha, na usitumbue lengelenge kwa pini uliyoitoa kwenye kofia.

Joto ni jambo zito zaidi, kwa sababu linaua ndani ya saa chache. Kipimo kinachotumika leo na majeshi mengi na hata kwenye michezo, kinachojumlisha joto la hewa, unyevunyevu, upepo na ukali wa jua, kilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa Parris Island waliokuwa wakianguka uwanjani. Kambi zinazokitumia hupandisha bendera za rangi, na nyeusi ikipanda mazoezi mazito husimama. Dalili ya kuogopa ni mwenzako kuanza kuongea ovyo, kuyumba, kuwa mkali bila sababu. Usitegemee ngozi kuwa kavu, anaweza kuwa anatiririka jasho. Mpoze kwanza, kwa maji ya barafu kama yapo, mwili wote, ndipo asafirishwe. Na maji ya kunywa nayo yana kipimo. Kuna makuruta waliokufa kwa kulazimishwa au kujilazimisha kunywa kupita kiasi, chumvi ya damu ikashuka na ubongo ukavimba. Ndiyo maana jeshi la nchi kavu la Marekani liliweka ukomo mwaka 1998, takriban lita 1.4 kwa saa.

Halafu kikohozi. Ukiwalaza vijana kutoka kila pembe kwenye bweni moja, kila mmoja huleta vijidudu vya kwao. Wamarekani walikuwa na chanjo ya vidonge dhidi ya adenovirasi, virusi vinavyoleta homa na kikohozi, kwa makuruta kuanzia mwaka 1971. Utengenezaji ukasimama, akiba ikaisha mwaka 1999, homa zikarudi mabwenini kwa maelfu, na chanjo ikarejeshwa mwaka 2011. Kikohozi cha kawaida kitapita. Homa kali yenye shingo kukakamaa, au madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza, haingojwi hata saa moja.

Mtaniuliza, kama dalili zote hizi zinajulikana, kwa nini kijana asiseme? Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mmoja hapa amelisikia tangu utotoni. Lakini jiwekeni mahali pake. Adhabu kambini mara nyingi huwa ya wote: mmoja akichelewa, platuni nzima, yaani kikundi chake chote cha mafunzo, inapiga pushapu. Wiki mbili za maisha hayo zinawafanya watu walioripoti wakiwa wageni kuwa ndugu wa damu. Nimeona kuruta akimfungia mwenzake kamba za buti kwa sababu vidole vya yule vimekufa ganzi kwa baridi, na hakuna aliyeamrisha. Kitu hicho ni kizuri, na jeshi lisilokuwa nacho halifai. Upande wake wa pili ni kwamba kwenda zahanati huonekana kama kuwasaliti. Nani atabeba zamu yako ya lindo? Nani atafanya fatiki yako, zile kazi za mikono za kambini? Hata neno la utani la koplo, “wewe kila siku mgonjwa”, linatosha kumfunga mtu mdomo mwezi mzima.

Ukimya huohuo ndio unaoficha ukatili. Tarehe 8 Aprili 1956, usiku, mkufunzi mmoja wa Parris Island aliiongoza platuni yake kwenye kijito cha majimaji ya bahari ili kuitia adabu. Makuruta 6 walizama. Waliingia majini mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Baada ya hapo usimamizi wa wakufunzi kule ulibadilishwa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo vijana, pushapu, kelele, kutambaa kwenye tope, kuamshwa usiku wa manane, hayo mtegemee. Kupigwa, kunyimwa chakula, kudaiwa fedha, kutakiwa kimapenzi, hayo si mafunzo, awe amevaa cheo gani anayeyafanya. Kuna afisa mkuu, kuna daktari, kuna kiongozi wa dini kambini. Mmoja wao atakusikiliza.

Nimeona mkono umenyooshwa pale. Binti anauliza: nikisema naumwa, si nitarudishwa nyumbani?

Asante, hilo ndilo lenyewe. Kambi nyingi haziwarudishi. Zina platuni ya wanaopona, unakaa huko wiki kadhaa, kisha unaunganishwa na kundi la nyuma yako. Utawapoteza wale ndugu zako wapya, watahitimu wewe ukiwaangalia, na sitakudanganya kwamba haiumi. Sasa pima. Ufa wa muundi ukigundulika mapema ni wiki sita mpaka nane za kupumzika, halafu unarudi. Ukiukimbilia mpaka ukatike ni operesheni, na huenda usirudi kabisa. Na kuna mmoja ambao sikupi hata siku moja ya kuuvumilia: maumivu ya kinena ukikanyaga, yanayozidi kila unapokimbia. Huo unaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ukiyasikia katikati ya mchakamchaka, toka kwenye mstari, kaa chini, na afande akipiga kelele mwambie kinena. Akikusimamisha kwa nguvu, kaa tena.