Chuo kilichotufundisha zege, kikatufunga midomo

MUSA: Haya jamani karibuni tena, mko na mimi Musa na dada yangu Rehema kama kawaida, ila leo kibao kimegeuka, mgeni ni Rehema mwenyewe. Maana juzi tulikuwa tunaongelea wadogo zetu wanaoomba vyuo mwaka huu, akasema "kile chuo nakipenda, ila mwanangu asisome pale", halafu akanyamaza. Nikasema hii haipiti hivi hivi.

REHEMA: Nilisema kweli, na nilivyofika nyumbani nikawaza sana. Jina la chuo silitaji kwa sababu kuna walimu pale niliwapenda na wengine bado wapo. Ni Dar, ni uhandisi, mi nilisoma sivil, yaani uhandisi wa ujenzi, miaka 4, nimeingia 2011 nikatoka 2015.

MUSA: Uliingia na divisheni wani wewe.

REHEMA: Ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na karibu wote mle ndani tulikuwa hivyo, kila mtu alikuwa kinara wa shule yake. Sasa testi ya kwanza ya hesabu ikaja, matokeo yakabandikwa mlangoni yamepangwa kuanzia aliyepata chini kabisa. Namba za usajili tu hakuna majina, lakini wiki moja inatosha watu kujua namba zenu zote. Mi nilipata 11 kwenye 40. Nilisimama pale mlangoni nikahisi kama wamenitangazia msiba.

MUSA: Pole dada.

REHEMA: Asante. Lakini marks siyo kilichoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba kuna binti, tulikuwa wasichana wachache sana darasani, akanyoosha mkono akauliza kitu kuhusu matriksi, lekchara akamwambia hilo swali la fomu foo, kaulize huko. Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka, Musa, na nilikuwa sijui jibu. Kuanzia siku ile mpaka semista inaisha sikumbuki mtu aliyeuliza swali mle ndani, yaani watu zaidi ya 100 tumekaa tunanakili ubao, kimya, tukitoka nje ndo tunaulizana "umeelewa?" "sijaelewa".

MUSA: Sasa mlikuwa mnafaulu vipi?

REHEMA: Vimbweta. Msuli wa usiku, yaani kujisomea. Hizi meza za zege za nje, taa moja, mbu, watu watano na desa moja, yaani notisi za kozi, lililofotokopiwa mpaka herufi zimefifia. Na pale kwenye kimbweta chetu kulikuwa na mshkaji mmoja, naye simtaji jina, ndo aliyenifundisha mimi strakcha, yaani somo la jinsi jengo linavyobeba mzigo, siyo lekchara. Alichukua rula ya plastiki akaiegemeza kwenye vitabu viwili, akabonyeza katikati, akasema angalia, juu inabanwa, chini inavutwa, zege likibanwa linavumilia likivutwa linapasuka, kwahiyo nondo kubwa weka chini. Halafu akaishika rula mwisho mmoja tu, akaning'iniza kifutio ule mwisho mwingine, akauliza haya hii balkoni, nondo kubwa ziende wapi?

MUSA: Chini?

REHEMA: Juu! Kwa sababu hapo kinachovutwa ni upande wa juu. Na kuna nyumba hapa mjini balkoni zina ufa pale zinapoungana na ukuta kwa sababu fundi aliweka nondo chini kama kwenye slabu ya kawaida, au aliziweka juu vizuri halafu vibarua wakazikanyaga zikashuka wakati wa kumwaga. Mi nilielewa kwa rula saa nane za usiku, kitu ambacho nilikuwa nimeandika kurasa sita za fomula bila kujua nafanya nini.

MUSA: Na wenye ukali wote walikuwa hivyo, wa kudhalilisha?

REHEMA: Hapana, na hapa ndo nataka watu wanielewe. Kulikuwa na mzee wa maabara ya zege, fundi sanifu, hana PhD hana nini, alikuwa mkali kuliko wote. Slampu testi ile, ya kupima ulaini wa zege bichi, koni ina urefu wa milimita 300, unajaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unachoma na kile chuma mara 25, unainua koni wima polepole, unapima zege limeshuka kiasi gani. Ukichoma mara 22 anakuambia mwaga anza upya. Mi alinirudisha mara tatu siku moja, jua linazama, wenzangu wameshaenda kula. Lakini hakunitukana hata mara moja, alikuwa anakaa pale pale na mimi, na ukimuuliza kwanini 25 anakueleza, ukiuliza tena anakueleza tena. Alikuwa anapenda kusema zege halina aibu, litasema ulichokifanya. Vyote nilivyonavyo kazini vimeanzia kwa yule mzee na kwenye kile kimbweta.

MUSA: Wewe ulikuwepo chuo lile ghorofa la Kisutu linaanguka, si ndiyo?

REHEMA: Sekondi yia. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lilikuwa bado linajengwa. Watu 36 walikufa. Kulikuwa na watoto walikuwa wanacheza pembeni pale. Baada ya Pasaka tumerudi darasani, nikasema leo lazima tutaongea, sisi si ndo wanafunzi wa sivil, tutaongea hata dakika kumi. Tukapewa kwizi. Kwizi ya kawaida kabisa, Musa, ya mihimili, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka naandika namba.

MUSA: Hamkuongea kabisa?

REHEMA: Tuliongea kwa mzee wa maabara. Alituweka mbele ya tangi la maji zinapokaa zile kyubu, vipande vya zege vya kupima nguvu, milimita 150 kila upande, akasema hizi mnaziponda siku ya 7 na siku ya 28 mnaandika ripoti mnapewa marks, mkitoka hapa hakuna marks, kuna watu wamelala chini ya hiyo namba. Akaondoka akatuacha pale. Mpaka leo nikisikia jengo limeanguka, kama lile la Kariakoo Novemba 2024, namkumbuka yeye na lile tangi.

MUSA: Mimi nilisoma ualimu, kwetu haikuwa hivi. Ila niulize swali la kichokozi kidogo, huoni kwamba bila ule mkong'oto mngelegea? Mtu anajenga ghorofa, si bora akomazwe?

REHEMA: Akomazwe ndiyo! Kazi iwe ngumu, mimi sitaki pepa rahisi, sitaki mtu apewe digrii ya huruma halafu akasimamie daraja. Lakini sikiliza kilichonitokea. Nimemaliza chuo, nimeingia kwenye ile miaka 3 ya mafunzo kwa vitendo kabla hujasajiliwa kuwa mhandisi kamili, niko saiti, siku ya kumwaga slabu. Jua kali, zege linaanza kukaza, namuona kibarua anaongeza maji kwenye mikisa ili limwagike kirahisi. Mi najua kabisa kwamba yale maji ya ziada yatakauka yaache vitundu na nguvu ishuke, hilo nalijua usingizini. Na sikusema. Nilisimama nimeshika daftari. Kwa sababu fundi mkuu alikuwa mzee wa watu, na kichwani nilisikia ule ukumbi unacheka.

MUSA: Mh.

REHEMA: Siku ya 7 kyubu zikapondwa, majibu yako chini sana, tukangoja ya 28, chini. Ikabomolewa ile sehemu yote. Hela ya watu. Na hiyo ndo bahati, kwa sababu kyubu zilichukuliwa, je zisingechukuliwa? Kwahiyo mtu akiniambia uoga unakomaza, namwambia mi uoga ulinifanya nijue jibu na nishindwe kulisema, na injinia wa hivyo ni hatari kuliko asiyejua, maana asiyejua unaweza kumfundisha. Ilinichukua kama mwaka mzima kujifunza kusema "baba shikamoo, samahani, hili zege naomba lisimwagwe".

MUSA: Na wanakusikiliza?

REHEMA: Ukianza na shikamoo na ukakaa nao ukawaeleza kwanini, wengi wanakusikiliza. Kama mzee wa maabara.

MUSA: Yule mshkaji wa rula yuko wapi siku hizi?

REHEMA: ... Alipigwa disko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa tatu. Mkopo wake ulikuwa asilimia ndogo, bumu, ile hela ya kujikimu, likitoka anatuma nusu nyumbani, usiku anaenda kupakua mizigo sokoni, anakuja kimbweta saa saba kachoka anatufundisha sisi, sisi tunafaulu. Yeye akakeri kozi mbili, yaani alifeli akatakiwa kuzirudia, akala sapu, ule mtihani wa marudio, ya pili ikamkamata tena. Siku matokeo yametoka sisi tulikuwa tunashangilia upande wa pili wa hosteli, hatukujua. Asubuhi tunaenda chumbani kwake, kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Hakuna mwalimu aliyeuliza, namba yake haikuwepo tu kwenye orodha ya semista iliyofuata.

MUSA: Na hukumtafuta?

REHEMA: Nilipiga, simu haipatikani, mwaka wa nne ukatubana, nikaacha. Hilo silitetei. Wiki moja kabla ya matokeo nilikuwa nimeazima kikokotoo chake, Casio fx-991, changu kilikuwa kimeharibika vitufe. UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, zote za mwaka wa nne nilifanya na kile. Kazini mpaka sasa nakitumia, nyuma kaandika namba yake ya usajili kwa msumari.

MUSA: Watu wengi wanasikiliza hapa, huwezi jua. Mwambie.

REHEMA: Kaka, kama unasikia hii, kikokotoo chako ninacho, kinafanya kazi, kile kitufe cha sifuri tu inabidi ukibonyeze kwa nguvu. Niko Dar bado. Na wiki ijayo tunaweka nondo za balkoni za ghorofa ya tatu, ningependa uje uzione kabla hatujamwaga.