Sukuma ya Gunia, na Vile Unaichuma Isikufie

KAKA: Haya karibuni tena. Leo ni sukuma wiki, na si ile ya shamba la ekari mbili, ni ya mtu anakaa ploti na ana kanafasi kadogo tu hapo kando ya mlango.

DADA: Gunia moja linamtosha kuanza. Kibera shirika la Solidarités lilianza kusaidia watu na hizi bustani za magunia 2008, baada ya fujo za uchaguzi, na sukuma ikawa ndio mboga yenyewe.

KAKA: Sasa dadangu, gunia lenyewe linapangwaje? Manake watu wanajaza udongo tu, maji yanabaki juu na chini kukavu.

DADA: Chukua mkebe uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo, halafu pembeni mwaga udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ukifika juu ya mkebe unauvuta kidogo, mawe yanabaki, unajaza tena hivyo hivyo mpaka juu. Utapata nguzo ya mawe katikati, na maji unamwagia hapo. Kisha toboa matundu pembeni uchomeke miche.

KAKA: Miche ya umri gani?

DADA: Wiki 4 mpaka 6. Panda jioni jua likipoa. Na agroveti ulizia koladi, ile ya jani pana laini. Ukipanda chini, acha kama sentimita 45 mpaka 60 kati ya mche na mche.

KAKA: Tuje kwa kuchuma sasa.

DADA: Hapo ndio roho huniuma kabisa, kakangu! Mtu anachuma anaacha kale ka kichwa tu juu, na jani ndilo linapikia mmea chakula, sasa utakua na nini? Chuma ya chini, acha kama 4 au 5 za juu na ile ncha usiiguse. Livunje kwa mkono ukielekeza chini litoke na kikonyo chake chote. Ukichuma hivyo mti mmoja utakulisha miezi mingi.

KAKA: Na uongeze samadi.

DADA: Kila baada ya wiki chache, manake wewe unabeba majani kila siku na gunia halina pengine pa kutoa chakula. Yale machipukizi ya pembeni pia yatoe, na ukitaka panda kivulini, mwagilia, yanashika mizizi bila mbegu. Lakini toa kwa mti mzima tu, mgonjwa atakupa mtoto mgonjwa.

KAKA: Utajuaje ni mgonjwa?

DADA: Angalia pembe za jani. Ukiona umanjano wa umbo la V umeanzia ukingoni unaingia ndani na vena, ile mishipa ya jani, zimekuwa nyeusi, huo ni uozo mweusi, ni bakteria, na dawa ya kuuponya hamna. Ng'oa uchome, usitupe kwa mboji.

KAKA: Na vidukari, vile vidudu vidogo vya kufyonza majani?

DADA: Hao hawanitishi. Geuza jani, waoshe na maji ya sabuni kidogo, rudia baada ya siku chache. Vile vidudu vyekundu vya madoa meusi viache, vinawala hao.

KAKA: Na gunia lililougua tunalitupa?

DADA: Hapana, panda spinachi, maharagwe au vitunguu humo. Kabeji na sukuma zikae mbali na huo udongo miaka 2 au 3.